Mstari Uangalie Chini

Jumatatu, 3 Machi

Roboti limefika. Mkono mmoja tu wa chuma, rangi ya machungwa, halina kichwa wala miguu. Na sisi tuliokuwa tukiogopa jitu! Injinia aliyekuja nalo ni mtu mpole, shati jeupe, anamsalimia hadi mfagiaji. Meneja katukusanya: majaribio ya siku kumi. Likichomelea viti vya shule vizuri, linabaki. Likishindwa, linarudi lilikotoka. Hakusema sisi tutakwenda wapi likibaki, na hakuna aliyeuliza.

Tuko wanane kwenye mashine za kuchomelea. Mkongwe wetu ni Mjomba. Mjomba wa kweli, yeye na mama yangu tumbo moja. Ndiye aliyeniingiza kiwandani miaka kumi na miwili iliyopita, mimi sijui hata kushika koleo. Leo alilizunguka roboti, akainama kulichungulia chini kama anayetaka kununua ng'ombe. Akasema ni zuri, ila halina vidole.

Jumatano, 5 Machi

Viti vya roboti vinacheza! Kwa macho huoni kasoro, viungo vyote safi. Kalia sasa — kiti kinayumba. Ishirini na sita kati ya arobaini. Injinia kapima, kakuna kichwa, kapima tena. Analaumu sakafu.

Sisi tunajua. Kila bomba lina mstari mwembamba kwa urefu wake, pale bati lilipokunjwa na kuungwa. Kwa macho ni shida kuuona, unausikia kwa ncha ya kidole. Kabla ya kulibana bomba, unalizungusha ili mstari uangalie chini. Ukiuacha juu au pembeni, joto likipanda bomba linajivuta na mguu unapinda. Kidogo sana, lakini kiti hakisamehe. Mjomba aligundua hilo peke yake, kwa kuharibu viti vingi na kutukanwa sana, kisha akatufundisha mmoja mmoja.

Wakati wa chakula hakuna aliyesema tusiseme. Mjomba alitafuna, akafuta mdomo, akatangaza kwamba mwaka huu yeye amekuwa bubu. Tukacheka. Huo ndio uliokuwa mkutano wetu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya nini mimi.

Msaidizi wa injinia anaumwa, msimamizi akanituma nikamlishie roboti mabomba. Chukua, weka, bana, rudi nyuma. Nilijiambia niyaweke hovyohovyo. Nikaweza kwa viti viwili, vitatu. Kisha mawazo yakahamia kwa mwanangu mdogo na homa yake, na vidole vikaendelea na kazi vilivyozoea. Viti sita mfululizo vikatoka imara. Injinia akasimamisha mashine. Akaitazama mikono yangu. Dada, hapo unazungusha nini?

Ningesema ni mazoea tu. Ningesema mikono inaniwasha. Nilieleza! Nusu saa nzima. Nilimshika kidole nikakipitisha kwenye bomba mpaka akausikia mstari. Akasema katika masomo yake yote hakuna aliyewahi kumfundisha hilo. Na mimi, mjinga, kichwa kikavimba. Miaka kumi na miwili hakuna mwenye shati safi aliyewahi kuniuliza ninachojua. Hapo ndipo panaponiuma. Sikutishwa, sikuahidiwa kitu. Nilifurahi.

Hata sikusema kwamba ni maarifa ya Mjomba.

Jumatatu, 10 Machi

Wamelifungia roboti kamera ndogo ya kuutafuta mstari. Viti arobaini, vyote imara. Mjomba alikalia kimoja, akajitikisa kushoto, kulia. Akanyanyuka, akarudi kwenye mashine yake. Nilijifanya nafuta miwani.

Jumatano, 12 Machi

Meneja katoa majina. Tunaobaki kulihudumia roboti ni wawili: mimi na Betri. Sita wanaondoka mwisho wa mwezi. Mjomba yumo.

Ana miaka hamsini na saba. Nani atamchukua? Mwanga wa kazi hii umeshamla macho, hata ujumbe wa simu humsomea mimi. Nilitaka ardhi ipasuke.

Tulipotoka, walisimama getini wakijadili nani katoboa siri. Mmoja alinitazama. Mjomba akamkatiza hapohapo: huyu ni damu yangu, tafuteni kwingine. Kwingine kumebaki Betri. Tunamwita Betri kwa sababu huanza kuongea asubuhi na chaji haimwishii. Tena alionekana akinywa chai na injinia. Basi, kesi imekwisha. "Kikulacho ki nguoni mwako," Mjomba akasema, mkono wake uko begani kwangu.

Nikaitikia kwa kichwa. Niliitikia!

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia baba watoto. Aliacha kunoa wembe wake — ni kinyozi, kusikiliza siri ndiyo kazi yake ya pili. Akasema funika kombe mwanaharamu apite. Tuna watoto watatu. Na injinia angegundua tu, leo au mwezi ujao. Huenda. Lakini angegundua yeye, si mimi.

Kazini hakuna aliyekaa na Betri wakati wa chakula. Aliongea mpira na hewa, kisha akaacha. Mmoja akasema chaji imekwisha. Wakacheka. Nami nikacheka. Kidogo, ila nilicheka.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikwenda kwa Mjomba kusema. Njia nzima nikipanga maneno. Nikamkuta uani anarekebisha geti la jirani. Shikamoo, marahaba, kaa hapo mama, habari za wajukuu zangu. Akaanza yeye. Anasema roboti halimkasirishi, ni chuma, linafuata linaloambiwa. Kinachomuuma ni Betri. "Nilimfundisha kwa vidole vyangu hivi. Afadhali angeniibia nyumbani."

Nilifungua mdomo. Nikaomba maji.

Kesho chama kinakaa kwangu, kama kawaida, kwa kuwa mimi ndiye katibu. Chama chetu cha kufaana, sisi wanane, cha misiba na magonjwa. Mjomba anataka Betri afutwe. Mama yake Betri yuko kitandani mwezi wa pili sasa, na kila mtu anajua hali yake. Mauti yakifika, Betri atazika na nani? Nilimuuliza Mjomba hivyo hivyo. Akasema azike na roboti.

Jumapili, 16 Machi

Wako sebuleni. Nimeingia chumbani kuchukua daftari la wanachama, nikafunga mlango. Naandika haraka.

Betri amekuja! Hatukumtarajia. Kapiga hodi, kavua viatu, kakaa kwenye kigoda karibu na mlango ingawa viti vilikuwepo. Hakujitetea sana. Kasema yeye hakusema kitu, ila aliyesema anamjua, maana siku ile alikuwa nyuma ya kabati la vifaa anatafuta koleo, akaona na kusikia yote.

Mjomba kamwambia mtaje.

Betri kanitazama. Si kwa ubaya. Kisha akatazama chini, soksi zake. Betri, mtu anayeongea hata makaburini, amenyamaza kabisa. Mjomba karudia mtaje, mtaje, au ni mwongo tu. Ndipo Mjomba akaniagiza nilete daftari.

Kwa nini hanitaji? Angenitaja ningepumua.

Jina lake ni la saba. La Mjomba la kwanza. La kwangu la pili, nililiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Nasikia mtu anakohoa. Baba watoto anawapa maji, anajaribu utani, hakuna anayecheka.

Mjomba ananiita mara ya pili. Mwanangu, tunakusubiri. Anasema njoo na kalamu.