Udhaifu wa Bibi wa Shoka

Kwako Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Kim, na kwa mjukuu wako Alexander, ambaye sasa ameota meno mawili na anauma kila kitu, hata kidole cha baba yake. Sisi ni wazima. Je, wewe vidole vinaendeleaje? Natumaini mdogo wangu Tecla anakusaidia kuchuna majani chai, na kwamba mvua ya mawe haikugusa shamba la kule chini.

Mama, najua utashangaa kupata barua na simu iko. Nimeshika simu mara nyingi nikaiweka. Nikianza kwa mdomo nitalia, na wewe utadhani mtoto ni mgonjwa. Nimempa Kipyegon wa lori la majani akuletee. Naandika Kiswahili cha shule kwa sababu Kipsigis yetu naijua ya kuongea tu, kuandika inanishinda. Tafadhali soma mwenyewe, usimpe Tecla.

Hapa Kericho, Jumapili tukitoka kanisani, marafiki wa Kim huja nyuma ya duka letu kucheza mchezo. Si kamari, usiogope. Ni wa kukaa mezani na kuwaza tu. Johnson, yule mwenye gari atakayewaleta kwako Jumamosi Kim na watu wake, waje kuniomba rasmi, ndiye husimulia: mko msituni, kuna mnyama mbaya, mtafanya nini. Kila mtu anachagua atapigana na nini, kama ni moto, barafu, radi au sumu. Anachagua pia kinga, yaani kile ambacho hakitamuumiza. Halafu mnarusha dadu kujua kama pigo limeingia.

Mwanzoni mimi nilikuwa wa kuwapikia chai. Siku waliponikaribisha nilichagua moto, na mnyama mwenyewe alikuwa joka linalotema moto. Waceke, dada yake Kim, ambaye amesoma mpaka chuo, akasema ati wifi yake amelikaribisha joka chai. Walicheka, nami nikacheka, lakini iliniingia. Nilitaka waone mimi si mtu wa sufuria tu.

Baadaye Johnson akasema kila mmoja alete mnyama wake wa kubuni, na aseme kipi kinamuumiza na kipi hakimwezi. Zamu yangu ilifika sina kitu. Ndipo radi ikapiga huko nje, nikajikuta naongea. Nikasema kuna bibi mmoja wa milimani. Radi ikinguruma anachukua shoka, analipaka majivu ya meko, analirusha uani na kuiambia radi inyamaze, hapa ni kwa watu wake. Nilimwigiza mpaka sauti. Nikamwekea pembe, nikasema anakula watoto. Wakashika mbavu. Wakamwita Bibi wa Shoka.

Nikawaambia radi haimwezi kwa sababu ni ya ukoo wake. Moto haumwezi, amekaa mekoni maisha yake yote. Sumu nayo ameizoea kwa kunyunyizia magugu. Walirusha dadu mpaka wakachoka, bibi bado amesimama. Kim akanigeukia akauliza, "Sasa huyu mama anaumizwa na nini?"

Ningeweza kusema chochote. Nilisema, "Baridi. Mpige mikono. Asubuhi kwa umande haiwezi kushika kitu."

Basi wakampiga barafu mikononi, shoka likaanguka, na mimi nikaachiwa dadu ya mwisho. Pigo likaingia. Walinipigia makofi. Waceke alinikumbatia, akasema kumbe wifi ana akili hivi. Nilifurahi, Mama. Hapo ndipo naona aibu zaidi, kwamba nilifurahi. Nilienda kuosha vikombe nikiwa bado natabasamu, mpaka maji ya mfereji yaliponishika vidole.

Yule bibi ni wewe. Najua umeshajua. Uliniambia jambo hilo la shoka na radi ni la nyumbani, hata mchungaji hujamwambia, na mimi nililitoa mezani ili nipendwe. Na kuna baya zaidi. Barua ya kwanza niliyokuandikia ilikuwa ya kukuomba uondoe shoka pale mlangoni kabla ya Jumamosi, Johnson asilione akaelewa. Niliisoma, nikairarua. Yaani nimekuua mezani kwa watu, halafu nikufiche na nyumbani kwako?

Jana nilimwambia Kim yote. Akasema, "Si ni mimi niliuliza. Nitamsalimia mama yako na uso gani?" Akaenda mwenyewe kuwaambia wengine. Waceke alikuja hapa, hakucheka. Aliniuliza kama bado anaweza kuja Jumamosi ama ni heri abaki. Nilimwambia nitakuuliza wewe.

Jibu ni lako, Mama. Ukisema wangoje, Kim amesema atangoja. Mwambie Kipyegon neno moja tu, ataniletea. Lakini mimi na mtoto tutakuja Ijumaa, hata kama utatupokea nje. Nitasimama hapo uani. Nataka uniulize wewe mwenyewe kwa nini, na nikijibu nikuangalie usoni.

Nisalimie Tecla na majirani wote wa Boito. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako, mwenye aibu na bado mwenye tumaini,

Cheptoo