Kukimbia na Mifuko Mitupu

Kwako Baba, uliyelala Elburgon,

Naogopa. Naanza na hilo kwa sababu ulinifundisha kuanza barua kwa salamu na kusema sisi hatujambo, na leo siwezi kuandika kwamba hatujambo. Nimekaa hapa nje kwa mlango, jua la Jumapili linanichoma, mbwa wangu Chapo amelalia miguu yangu, na ncha za vidole vyangu zina alama nyeusi za sindano kama zako zilivyokuwa. Chapo hukumjua. Hukujua pia kwamba sukari yako niliirithi. Ulizikwa tukidhani umeondoka nayo.

Unakumbuka kuku wetu? Sisi wa mtaa wa Kaptembwo, chumba kimoja na pazia katikati, hatukuwa hata na yai. Lakini dawa yako ilitaka baridi, na friji ya karibu ilikuwa moja tu, ile ya soda dukani kwa Mama Halima. Ukaifunga chupa kwa gazeti, ukampelekea, ukamwambia ni chanjo ya kuku wako wa ushago, kule kijijini Elburgon. Mimi ndiye niliyetumwa kuichukua asubuhi na kuirudisha.

"Kuku wa Baba Njeri hawajapona tu?" Mama Halima aliniuliza, akinikazia macho yake ya wanja. "Wanachanjwa kila uchao, mwanangu. Hata watoto wa watu hawachanjwi hivyo."

Nilimjibu wanaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Nikirudi ulikuwa unaingia nyuma ya pazia, nasikia ukivuta pumzi, kisha unatoka ukifunga mshipi na kusema, "Haya Mama, kuku wamekula." Uliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mamako, na ukiniita hivyo sikuweza kukukatalia kitu.

Nilikuuliza mara moja kwa nini tunadanganya. Hukukasirika. Ulikuwa unapangusa kioo cha lori ulilokuwa ukiendesha, lile la kubeba mbao, ukaniinua ukanikalisha kwa kiti chako nyuma ya usukani, miguu yangu ikininginia mbali na breki.

"Mtu akijua uko na sukari, hakupei lori," ukasema. "Na asiponipa lori hamtakula. Umeelewa, Mama?"

Nilielewa. Wueh, nilielewa hadi ikaingia kwa mifupa. Hata kanisani hawakujua. Wakikupa ile chai yao ambayo kijiko kinasimama chenyewe, uliinywa yote ukitabasamu, kisha unapotea nyuma ya choo kwenda kujipima. Mama alikuwa anakufuata kwa macho huku akiimba pambio.

Yangu ilinipata miaka michache baada ya kukuzika, nikiwa nimeshaajiriwa kwa agrovet mjini, duka la mbegu na dawa za mifugo. Kiu isiyoisha, choo kila saa, sketi zikinilegea. Nilijua kabla daktari hajafungua mdomo. Na kitu cha kwanza nilichofanya, Baba, ni kile ulichonifunza: nilinyamaza. Friji ya agrovet imejaa chanjo za kuku, za kweli sasa, na katikati yake nikaweka chupa yangu. Ningecheka kama singekuwa natazama mlango nisionekane.

Siku zangu zinaenda hivi. Naamka, najipima kabla sijasema na mtu, najidunga. Nakula ugali wa kujaza kiganja na sukuma wiki ya kujaza sahani. Wenzangu wakimimina chai nasema sipendi sukari, ati inaniharibu ngozi, na wao wanasema huyu Njeri ana maringo. Afadhali maringo. Nikilala naogopa sukari isije ikashuka nikiwa usingizini, na nikiamka naogopa macho, figo, miguu. Kila kidonda kidogo cha mguuni nakikagua kwa tochi ya simu. Hakuna siku ya mapumziko kwa kazi hii, ulijua hilo, na hukuniambia.

Chapo aliachwa dukani ndani ya katoni ya vifaranga, mtoto wa mbwa wa mtaani, rangi ya chapati iliyosahauliwa kwa moto. Mwenye agrovet alitaka afukuzwe. Nikambembeleza hadi Chapo akakua, na siku moja akaruka kaunta kutoka sakafuni, akatua katikati ya mifuko ya dawa ya kupe, na Daktari Rotich, yule wa mifugo, alikuwa amesimama hapo akinunua glavu.

"Ala! Huyo si mbwa, huyo ni springi," akasema. "Jumamosi mlete uwanjani kwangu."

Uwanja wenyewe uko barabara ya Njoro. Mchezo wao ungekuchekesha hadi ushike mbavu. Mbwa anaruka fito, anapenya ndani ya tairi, anapanda daraja la mbao na kushuka, anaingia kwenye handaki la turubai na kutokea upande wa pili. Wewe mwenye mbwa unakimbia kando yake, unamwonyesha kwa mkono na kwa sauti kipi kinafuata. Akiangusha kitu mnakatwa alama, na anayemaliza upesi bila kosa ndiye mshindi. Mbao za daraja lile zilitoka kwetu Elburgon. Siku ya kwanza nilizinusa nikasimama tu hapo, maana harufu ya saiprasi mbichi ndiyo ilikuwa harufu ya koti lako.

Pale ndipo nilipopata kitu changu. Mimi ambaye huogopa hata kuvuka barabara, nikimwambia Chapo "twende!" naona masikio yake yakilala nyuma na sote wawili tunakuwa upepo. Kwa dakika hiyo moja simkumbuki daktari wala sindano.

Lakini kukimbia kunakula sukari. Kuna Jumamosi ilinishuka katikati ya mazoezi. Kwanza midomo ikafa ganzi. Ikafuata jasho la baridi, halafu akili ikazima: nimesimama uwanjani, sijui handaki ni lipi na tairi ni lipi, na Chapo ananitazama mguu mmoja juu, akingoja. Nikamwambia kulia huku mkono unaonyesha kushoto. Nilikuwa na switi mfukoni, nikazitafuna na karatasi zake.

"Ni jua," nikamwambia Daktari Rotich.

"Jua la Nakuru ni adui," akasema, akanivisha kofia yake. Nikamshukuru kwa kofia.

Sasa sikia. Mashindano si mazoezi. Kwa mashindano haruhusiwi mtu kuingia uwanjani na kitu cha kuliwa, maana kuna wajanja wa kumvuta mbwa kwa kipande cha nyama mkononi. Kwa hivyo langoni unageuza mifuko nje, jaji aione mitupu, ndio upite. Daktari Rotich alipotueleza, wenzangu walitaniana kuhusu mifuko yao iliyotoboka. Mimi nilipapasa switi zangu mfukoni. Akaongeza kwamba mwenye sababu maalum anaweza kuomba ruhusa kwa jaji, mbele ya wote, ili asije mtu akalalamika baadaye. Na sababu yangu ni ileile tuliyoificha kwenye friji ya soda.

Wiki hiyo yote niliogopa pande mbili. Nikisema, nitatolewa kwa mchezo, mwajiri wangu atasikia, na kila sahani yangu itakuwa baraza, kila mtu na ushauri wake wa majani ya mwarobaini. Nisiposema, naweza kuanguka pale. Na kila nikifikiria kuanguka, namuona yule mlinzi wa Salgaa.

Humjui, Baba, ingawa yeye ndiye mtu wa mwisho kusema na wewe. Alikuja kwa mazishi yako kwa miguu kutoka stendi, akamtafuta Mama.

"Mathe, mimi ndiye nilikuwa zamu pale kwa malori," akasema. "Niliona lori limeegeshwa vizuri, mawe yako chini ya magurudumu. Nikagonga dirisha nikamuuliza, mzee uko sawa? Akaniambia niko sawa, wacha nilale. Lakini ulimi ulikuwa mzito na shati limelowa jasho. Nikaona huyu amelewa. Nikawaambia hata wale wengine, mwacheni alale, itamtoka. Asubuhi nikagonga tena, hakuamka."

Mama hakupiga kelele. "Hajawahi kuonja pombe," akasema.

Yule mtu alikaa chini kwa udongo akashika kichwa. Mama Halima, aliyekuwa amekuja na sufuria ya pilau kutoka Kaptembwo hadi Elburgon, akasema polepole, bila kumtazama yeyote, "Mficha maradhi, kilio humfichua." Ndipo nilipojua kwamba wale kuku hawakuwahi kumdanganya hata siku moja.

Nilikukasirikia, Baba. Bado nimekasirika. Ulipata nguvu za kushuka, kutafuta mawe na kuyaweka chini ya magurudumu ili lori la watu lisibingirike, ukakosa nguvu za kumwambia mlinzi neno moja.

Basi jana ikafika. Uwanja wa maonyesho ulijaa, mbwa wa Nairobi wamevaa vikoti, mbwa wa Eldoret wakubwa kama ndama, na Chapo wangu katikati yao na kamba ya katani. Jaji alikuwa mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya mwalimu wa kuchapa viboko. Akatusomea sheria, akauliza nani ana swali. Mkono wangu ulipanda wenyewe, naapa.

"Naomba ruhusa ya kuingia na switi."

"Za mbwa?"

"Zangu."

Watu wakacheka. "Kwa nini?" akauliza.

"Niko na sukari."

"Sema kwa nguvu, wa nyuma hawasikii."

Haki ya Mungu, nilitamani ardhi inimeze. "Niko na sukari!" Nadhani hata wauza mahindi kule langoni walisikia. Nilimtazama Daktari Rotich, naye alikuwa ananitazama mimi, na nikajua anaikumbuka ile kofia.

Jaji akafikiria. "Mfukoni hapana," akasema. "Zitakaa kwa meza ya mtunza saa. Ukizihitaji inua mkono, lakini mbio zako zitakuwa zimeisha."

Nilidhani yamekwisha. Kumbe jamaa mmoja wa Eldoret, pande la mtu, ameshika mbwa mweusi wa kutisha, akapaza sauti. "Siste, na ukianguka, tufanye nini?"

Baba, hakuna mtu aliwahi kuniuliza hivyo. Nikawaambia: nikiwa na fahamu nipeni soda, ile yenye sukari, si ile nyingine. Nikiwa siamki msinimiminie kitu mdomoni, nilazeni ubavu mnikimbize hospitali. Halafu nikajisikia nikiongeza, "Na mkiniona nayumba kama mlevi, nikiwaambia niko sawa, msiniamini."

Nilijipima kabla ya zamu yangu, ilikuwa nzuri. Lakini kuna mbwa wa Nairobi aligoma juu ya daraja, akalala huko akajilamba, watu wakambembeleza hadi tukachoka, na mimi nimesimama juani nikingoja. Hatimaye nikaitwa. Nikageuza mifuko nje. Tukaingia.

Laiti ungeona! Fito zote safi. Tairi, safi. Darajani Chapo alipita kama anayeteleza, hakugusa pembeni hata kidogo. Watu wakaanza kupiga makofi na nikasikia Daktari Rotich akipayuka jina langu. Zilibaki handaki na fito ya mwisho. Hapo midomo ikafa ganzi.

Nilijua. Nakuambia ukweli, nilijua vizuri kabisa, na akili ilikuwa bado yangu. Ningeinua mkono. Lakini nilikuwa naongoza, Baba, na imebaki kidogo tu, na nikajiambia yale mnayojiambia nyinyi madereva: nimalize kwanza. Nikamtuma Chapo ndani ya handaki. Nilipozunguka kwenda kumpokea upande wa pili, nyasi zikahama chini ya miguu yangu. Nikakanyaga pembeni, nikashika hewa, nikasimama tena.

"Uko sawa?" jaji akaita.

Na mdomo wangu, huu mdomo uliofunzwa na wewe, ukajibu haraka kabla sijaushika, "Niko sawa!"

"Huyo hayuko sawa!" yule wa Eldoret akanguruma. "Leteni soda!" Nikamsikia mbwa wake akibweka, kipenga kikalia, na nikaona miguu mingi, viatu vya Nairobi na gambuti za wakulima, yote inakuja upande wangu. Mtu alinishika kichwa. Mtu alinikalisha. Jaji mwenyewe alipiga magoti na suti yake nyeupe akaniwekea chupa mdomoni akisema, "Kunywa, mwanangu, kunywa polepole, unanisikia?" Chapo alitokea kwenye handaki, hakunikuta, akaruka fito ya mwisho peke yake kisha akaja kujipenyeza katikati ya watu. Hatukupata alama yoyote. Nililia hadi soda ikanitoka puani.

Bado naogopa. Kesho ni Jumatatu, mwajiri ameshapigiwa simu na nusu ya Nakuru, na sijui atasema nini akiniona nikifungua friji. Naogopa ile siku itakayonikuta peke yangu, hakuna wa kuniona. Sitakudanganya kwamba hofu imeisha.

Lakini jana niliwaambia niko sawa, Baba, na hakuna hata mmoja aliyeniamini. Naomba tu, kama ningeweza kuomba jambo lililopita, watu kama hao wangekuwa dirishani kwako.

Mimi binti yako,
Njeri