Mpaka Benchi la Mwisho

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake. Mimi sijambo, Shangazi hajambo, wasiwasi wetu ni juu yako tu. Je, kidonda cha koo kimefunga?

Kazi nimepata, kwenye dirisha la dawa hapa hospitali. Mfamasia anafunga dawa, mimi naita majina. Ndiyo, Baba, mimi! Wewe uliyekuwa ukiushinda msumeno wa kiwandani kwa sauti umenyamazishwa na daktari, halafu mimi, niliyekuwa nikiitika "nipo" mwalimu akaandika sipo, ndiye ninayelipwa kupiga kelele. Sijui nicheke au nilie.

Chumba cha kusubiri kina mabenchi sita. Nikiita, linalosikia ni la kwanza tu. Jana mzee mmoja aliniambia, "Binti, tumefuata dawa, hatukufuata siri." Watu wakacheka, nikajificha nyuma ya maboksi ya pamba. Mfamasia amenipa mwezi mmoja. Benchi la sita lisiposikia, anatafuta mtu mwingine.

Nakuandikia kwa kuwa simu haikufai sasa. Nifundishe, Baba.

Mwanao

12 Februari

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Kidonda kimefunga, na sauti kimeifungia humo humo. Mama yako hajambo. Anasema tangu anioe, maana ndivyo anavyosema, hajawahi kunishinda kwa ubishi mpaka mwaka huu, kwa hiyo hana haraka ya mimi kupona.

Usishangae karatasi hii. Siku hizi naongea na watu kwa daftari lako la jiografia, zile kurasa ulizobakiza. Geuza nyuma uone mto uliouchora. Unapanda mlima.

Sasa sikiliza. Usipige kelele, kelele hufia njiani. Simama wima, shusha mabega, mtazame mtu wa benchi la mwisho, umwite yeye kana kwamba wengine hawapo. Ndivyo nilivyowaita wapasua mbao miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyewahi kujitetea kwamba hakusikia.

Mimi Jumatatu narudi kiwandani. Mwenye kiwanda amenishikia nafasi yangu ya unyapara mpaka mwisho wa Machi.

Baba yako

21 Februari

Baba,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima.

Nilifanya yote uliyosema. Nilishusha mabega, nikamtazama mtu wa mwisho, sauti ikatoka kama ya kifaranga aliyekanyagwa. Jana nilimwita mama mmoja mara tatu. Kimya. Nikaiweka dawa yake kwenye sanduku la wasiokuwepo. Saa tisa, watu wamekwisha, ndipo nilipomwona benchi la tano, mtoto mwenye homa amelala mapajani. Alikuwa pale tangu asubuhi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilidhani foleni ni ndefu." Baba, heri angenitukana.

Nataka kurudi nyumbani. Wewe umesharudi kazini, basi mimi nitashinda na Mama.

Mwanao

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba.

Sijarudi kazini. Jumatatu ile nilivaa buti, nikafika mlangoni, nikazivua. Nyapara asiye na sauti atamwamrisha nani? Vijana wa kiwandani wakija jioni kunijulia hali, Mama yako anawaambia nimelala, nami nimesimama nyuma ya pazia nikiwatazama. Nilikuandikia uongo kwa mwandiko mzuri. Nisamehe.

Kurudi, rudi, mlango ni wako. Lakini ule ushauri ulikuwa wa koo langu, haukuwa wa koo lako. Wewe tangu mdogo ukitaka kitu hukuita. Ulikuja mpaka nilipo ukanivuta shati.

Baba yako

9 Machi

Baba,

Shikamoo. Tuko wazima, na leo nina la kusema.

Barua yako niliisoma mara nne, na kesho yake nikaacha kuita. Mtu akileta cheti chake cha daktari, namtazama vizuri, kisha naandika pembeni kwa penseli: kofia ya bluu, benchi la pili. Dawa ikiwa tayari natoka kwa mlango mdogo, namfuata alipokaa, namwomba ataje jina lake mwenyewe, halafu namweleza jinsi ya kunywa dawa kwa sauti yangu hii hii.

Mfamasia alifoka, "Kwani hapa hotelini? Unapeleka chai?" Lakini kufika saa sita hakuna aliyekuwa akisukumana dirishani, na yeye akala chakula chake kikiwa bado cha moto. Hakufoka tena. Yule mzee wa siri naye akaninong'oneza, "Sasa hivyo ndivyo. Ugonjwa wangu si wa kutangaziwa mabenchi sita."

Mwezi wangu umeisha. Nimeambiwa nibaki.

Baba, wapasua mbao nao hawafuatiki walipo? Buti ziko wapi?

Mwanao

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Wiki tatu hujaandika. Nampigia Mama simu, anacheka tu, anasema nikusubiri mwenyewe. Machi imeisha. Usiponijibu nitakuja nikuvute shati.

Mwanao

5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Buti ziko miguuni. Naandika wakati wa mapumziko, nimekalia mbao.

Nazitia alama kwa chaki: kata hapa, acha hapa. Yaliyobaki namfuata mtu, namgusa bega. Nimegundua kwamba mpasua mbao wetu mkuu anasimamia mguu mmoja kwa maumivu, miaka yote hii, nami kwa kuwa nilikuwa nikimpigia kelele kutoka mbali sikumwona. Nimemtafutia kigoda. Nimegundua pia kwamba hapa naitwa Honi. Zamani walinisikia nikija. Sasa wananisengenya nimesimama nyuma yao.

Daftari lako limebaki kurasa tisa. Zitakaa sana, sina nafasi ya kuandika. Vumbi la mbao litakalokudondokea kutoka kwenye bahasha nimelitia kwa makusudi.

Msumeno unawashwa.

Baba yako, Honi