Masini Haikuona Herufi

Goma, siku ya tatu baada ya mazishi

Mama mupenzi,

Nakusalimia kwa moyo wote. Kile kikohozi kimepungua? Na mugongo wa Papa unaendeleaje huko Bukavu? Mimi niko muzima, ila mukono wa kushoto umevunjika. Nataka usikie sababu kwangu mimi, si kwa watu.

Wiki iliyopita mabombe yaliangukia kambi ya wakimbizi pale Munigi. Padri akatuletea majina ya waliokufa, tuyachape, yabandikwe kwenye misalaba. Unakumbuka volkano ilipochoma nyumba yetu ya kuchapia, mimi na muzee Déo, patron wangu wa kazi, tuliokoa disiki ya masini tu. Sasa disiki hiyo tunaitumia katika ordinatere, kompyuta ya kuazima. Nikachapa. Kila jina likatoka viboksi vitupu. Programu inayochora herufi ilikuwa bado inazitafuta katika dosiye, ile folda ya masini iliyoungua.

Kabla sijarekebisha, waasi watatu wakaingia. Mukubwa wao akaokota karatasi.

"Alama hizi za siri munamuandikia nani?"

"Ni majina ya wafu," muzee Déo akajibu. "Masini haioni herufi."

Yule mukubwa akamupiga kitako cha bunduki mudomoni, meno yakaanguka sakafuni. Nilipokimbia kumushika, mwingine akanipiga mukono, nikasikia mufupa unalia. Bunduki ikawekwa shingoni mwa muzee.

"Toa hayo majina tuyaone," mukubwa akaniambia.

Mama, niliandika kwa mukono mumoja. Nilifungua fishye, ile faili ya maelekezo ya programu, nikafuta njia ya zamani ya kufikia herufi, nikaandika mupya, dosiye baada ya dosiye. Nikakosea herufi moja, viboksi vikatoka tena. Nyuma yangu muzee alikuwa anasali Salamu Maria, damu inamukatisha maneno. Mara ya tatu majina yakatoka.

Yule mukubwa akasoma yote polepole, hata umri wa watoto.

"Nani alirusha mabombe haya?"

Muzee Déo akamuangalia. "Ninyi."

Mukubwa akamupiga risasi, akafa pale pale. Wakatoka wakitembea, hawakuwa na haraka.

Orodha niliichapa upya, na jina la muzee nikaliweka pamoja na ya wengine.

Papa umuambie juu ya mukono tu, hayo mengine ubaki nayo. Unisalimie dada Nsimire, kaka Mugisho na muke wake, na nyanya anayelea watoto wao. Kuja siwezi, barabara imefungwa.

Naachia hapa. Padri amesimama mulangoni na majina mengine.

Mutoto wako,
Mapendo