Mtoto Akiwa Bado Anatafutwa

Mjukuu wangu Mwakio,

Huku Mraru tuko salama, Mungu ashukuriwe. Mamako amekwenda Taveta kununua ndizi, na mbuzi amezaa pacha. Wewe unakula vizuri?

Ahsante kwa kuniuliza, mimi niliyeishia darasa la tatu, mbona watu waliifurahia filamu yako lakini ndovu alipomfukuza yule kijana hakuna aliyeshtuka.

Nikiwa msichana tuliigiza mchezo kanisani. Nilikuwa mama anayemtafuta mwanawe aliyepotelea porini kwenye ndovu. Nikajikwaa, watu wakacheka, basi nikazidi kujikwaa makusudi. Maiti ya mtoto ilipoletwa nililia kweli, nao wakacheka zaidi. Mama Mkamburi, aliyempoteza mwanawe hivyo hivyo, akainuka akatoka.

Kesho yake nilimwendea kuomba msamaha. Akanipa uji.

"Kucheka si vibaya, mwanangu. Hata matangani twacheka tukimkumbuka marehemu. Lakini mtoto akiwa bado anatafutwa, nani hucheka?"

Hadi leo namshukuru kwamba hakunifukuza.

Sasa kijana wako, suruali ilipomvuka mbele ya ndovu, nilicheka nikajua huyu hafi. Mimi, mtu wa kuogopa hata radi! Vichekesho vyako vitamu, usivitupe. Viweke kule nyumbani, kabla hajaingia porini.

Hofu ilinishika filamu ilipokwisha, nilipojiuliza mwenye kamera alikuwa amesimama wapi. Tafadhali niambie ulikuwa ndani ya gari.

Nyanya yako akupendaye