Maneno ya Mama Kinywani mwa Mfalme

Mama yangu, shikamoo. Goti linaendeleaje? Na nguruwe wa kule juu wameyaacha mahindi safari hii, au mmewalimia wao? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanitafuna na moyo umechafuka.

Unakumbuka ile kazi yangu ya kutia sauti kwenye gemu la falme za kale? Nilipewa niwe mama mkuu wa ukoo. Bosi wangu Helena, niliyekuwa nakula naye kila mchana, akaniuliza mwanamke wa zamani angesemaje akigawa ardhi. Nikakupigia, nawe ukaacha kupepeta maharage ukanirekodia yale tunayomwambia mwanamume anayeoa kwetu: "Karibu, mkwe. Shamba hili ni la tumbo letu. Umekuja na jembe, siku ukituchoka utaondoka na jembe." Helena alisikiliza mpaka akalengwa na machozi. Nilimwamini, Mama.

Gemu limetoka. Nimelicheza lote nikijitafuta. Sauti yangu imebaki kulia, kuomba maji na kusema, "Nihurumie, bwana wangu." Maneno yako kapewa mfalme! Amekaa kitini anamfukuza mkewe: "Shamba ni langu. Ulikuja na kikapu, ondoka na kikapu." Nilipomfuata Helena akasema wachezaji hawana subira na bibi mwenye maneno mengi. Na huku anakunywa chai yake tu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Nimeumia, na ile kazi nimeiacha.

Ningenyamaza, lakini Zuhura ameniandikia. Mumewe amelicheza na wenzake hapo Bigwa, na sasa mdogo wangu akichelewesha ugali anaambiwa, "We Zuhura, kikapu chako unajua kilipo?" Mwanzo alicheka naye. Siku hizi hacheki. Na mwanamume huyo anayasema hayo akiwa amekaa kwenye shamba letu, Mama, ulilomkaribisha wewe!

Nisalimie mjomba, mwambie koti lake nimelipata. Msalimie na bibi jirani, muuza ndizi, asiache kuniombea dua.

Na shemeji pia msalimie, ila salamu zake zipeleke mwenyewe, asubuhi, mjomba akiwepo. Yaseme yale maneno ya mkwe kwa sauti yako ileile uliyonirekodia, usipunguze neno. Ukimaliza, muulize jembe lake liko wapi.

Ni mimi, wa tumbo lako,
Mwanaidi