Simu ya Nyangi Imefika Bunda Bila Nyangi

Hilda we, acha unachofanya usome hii 😂

Kumbe mama yake Nyangi alimwekea lokesheni kwenye simu kisirisiri! Ndo maana anajuaga kila anakopita. Nyangi kagundua jana. Kaumia kweli, si unamjua, hana hata la kuficha.

Hakugomba. Baba yake leo kaaga anaenda kikao cha kanisa Butiama. Nyangi kaizima sauti ile simu, kaichomeka kwenye begi la mzee, kajifungia chumbani.

Mama kucheki ramani, mtoto kapita Kiabakari, katulia Bunda! Kapanda gari mbio.

Hilda. Kamkuta mumewe baa. Mzee wa kanisa, aliyeapa Pasaka kwamba pombe basi!

"Nyangi yuko wapi?"

"Nyangi gani? Wewe umejuaje niko hapa?"

UMEJUAJE NIKO HAPA 😭

Wamerudi nyumbani Makoko. Mama kafuta lokesheni ya Nyangi na kumuomba msamaha. Halafu akasema, "Sasa nioneshe kuiweka kwenye simu ya baba yako."

Nyangi akamjibu, "Muombe kwanza ruhusa, Mama. Mimi hukuniomba."

Baba alikuwa palepale kwenye kochi. Akaanza kukoroma.